Mrejesho: PS2 na CD za PS1 hapa Mtwara, nimepata

Wakuu, habari za muda. Niliwauliza wapi hapa Mtwara mjini naweza kupata PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu) iliyotumika, nzima, pamoja na CD orijino za PS1, yaani PlayStation ya kwanza. Mkuu mmoja alinishauri niachane na maduka, nizungukie mabanda ya gemu yaliyohamia PS4, maana mashine za zamani huwa zimetupwa tu stoo. Ubarikiwe sana. Nimeipata banda moja la Magomeni, ndani ya mfuko wa sulfeti, vumbi tupu.

Kabla ya hapo nilioneshwa nyingine, kwa macho safi kabisa. Nikaigeuza nyuma: kibandiko kimeandikwa 100V. Hiyo ni ya Japani. Umeme wetu ni volti 230, ukiichomeka bila transfoma ya kushusha unaiunguza. Niliiacha, na yeyote anayetafuta asiruke hatua hiyo.

Hii yangu ilikuwa inasoma CD za PS1 ila DVD za PS2 inagoma. Fundi akaifungua, akasafisha lenzi kwa spiriti na pamba, taratibu mno, ikasoma zote. Nimefurahi jamani! CD zenyewe chini ni nyeusi, kama zilivyo orijino za PS1. Zina michubuko kidogo lakini zinacheza.

Kilichobaki ni memori kadi orijino ya 8MB. Ya feki niliyopewa inafuta sevu (gemu nilizohifadhi), inauma sana. Mwenye nayo, hata kama yuko Lindi au Masasi, aniambie bei, nitaifuata.