EVE Online haijathibitisha kwamba ufalme ni bora, acheni kutudanganya

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mtu akihoji tu uongozi ndani ya EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za anga ambapo wachezaji huunda kampuni na kampuni huungana kuwa miungano, iwe kwenye Discord au humu, anarushiwa jibu lile lile: "Mchezo huu upo tangu 2003 na demokrasia haijawahi kufanya kazi. Angalia Amarr, himaya ya kwenye simulizi ya mchezo. Angalia miungano yote mikubwa, juu kuna mtu mmoja na mambo yanakwenda." Ni uongo, na wanaourudia wengi wao wanajua kabisa mambo yanavyofanyika ndani.

Nianze na kilichonichefua. Muungano tuliomo, sitautaja, umehama eneo tulilolijenga kwa jasho. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na kura, hata fununu hatukupata. Kiongozi aliamua na wakurugenzi wake wawili watatu, vituo vikaanza kung'olewa kimya kimya, na kazi ilipokamilika usiku wa manane kwa saa za huku kwetu, waliokuwa wamelala wakaamka kukuta mali zao zimeshapelekwa hifadhi ya dharura. Wachezaji mnaijua hiyo: mzigo unatupwa stesheni ya mbali, na kuukomboa unakatwa asilimia 15 ya thamani yake. Kuna dogo kwenye kampuni yetu alichimba madini miezi na miezi hadi akanunua dreadnought yake ya kwanza, meli kubwa ya vita. Hakuwahi kuipeleka vitani hata mara moja. Leo hana ISK, pesa za mchezo, za kuikomboa. Aliuliza kwa adabu zote, mbele ya wote, kwa nini hatukuambiwa, akajibiwa: "Ukitaka kupiga kura nenda Gallente." Watu wakabandika vicheko. Mimi sikucheka, na hadi sasa naona aibu kwa niaba yao.

Haya, twendeni huko Gallente. Kwenye simulizi ya mchezo, Shirikisho la Gallente linaelezwa kuwa dola ya kidemokrasia, lina rais na lina seneti. Amarr ni himaya ya kiti cha enzi, na utajiri wake umejengwa juu ya migongo ya Waminmatar, watu wa taifa jingine la simulizi hiyo, waliofanywa watumwa vizazi kwa vizazi hadi walipoasi. Mrithi akishindwa kwenye kinyang'anyiro cha kiti hicho, mila inamtaka ajiue. Huo ndio utulivu mnaotusifia?

Sasa tazameni haya mawili mkiyaweka pamoja. Jamyl Sarum, mtawala wa Amarr, alipouawa mwaka 2015, CCP, watengenezaji wa mchezo, waliandaa mashindano. Mwaka 2016 timu za wachezaji zikapigana kwa niaba ya warithi, na matokeo ya mapambano hayo ndiyo yaliyomvika taji Catiz Tash-Murkon. Yaani kwenye himaya, wachezaji walikuwa na mkono katika kumpata mtawala! Mimi nimeichezea Gallente miaka yote hii na sijawahi kuitwa hata siku moja kumchagua rais. Rais akibadilika, nasoma kwenye habari za mchezo kama mpita njia. Na CCP ni watu wa Iceland, nchi ambayo bunge lake lilianza mwaka 930! Wao wametupa ufalme ambao watu wanashiriki, na demokrasia isiyo na sanduku la kura. Halafu kijana anayeanza leo akiuona upande wa Amarr una msisimko na Gallente imepooza, tunasema amegundua ukweli kuhusu demokrasia. Amegundua nini? Ameona kile alichoandaliwa.

Hiyo ni simulizi tu, na simulizi naweza kuisamehe. Kinachonikera zaidi ni kwenye miungano yetu wenyewe, kwa sababu mchezo umetengenezwa ili funguo zote ziwe za mtu mmoja. Kampuni ina mkurugenzi mkuu mmoja, yeye ndiye anayegawa vyeo na kuvinyang'anya. Muungano una kampuni kiongozi, na anayeishika hiyo ameshika kila kitu. Kura zipo, lakini zinahesabiwa kwa hisa, na sehemu nyingi hisa zimelala kwenye hazina ya kampuni zikimsubiri mkurugenzi yule yule. Fungua dirisha la kampuni yako sasa hivi uangalie hisa ziko kwa nani. Huwezi kumfunga mtu miguu halafu ukatangaza kwamba hajui kukimbia.

Na huyo mtu mmoja mwenye funguo, ametufikisha wapi? Band of Brothers, muungano wa wachezaji, walikuwa tishio la mchezo mzima. Mwaka 2009 mkurugenzi wao mmoja aligeuka, akabonyeza kitufe, muungano ukavunjwa. Umiliki wa maeneo yao yote ukayeyuka pamoja nao, maelfu ya watu wakalala na himaya wakaamka bila kitu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya GoonSwarm, mahasimu wao wakubwa: bili za kushikilia maeneo hazikulipwa, na aliyekuwa na wajibu wa kuzilipa alikuwa kiongozi wao mwenyewe. Januari 2014, kwenye mfumo wa nyota wa B-R5RB, bili moja tena haikulipwa. Vita vilivyofuata viliteketeza titani 75, meli kubwa kuliko zote, hasara iliyokadiriwa kufika dola 300,000 za Marekani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosababishwa na wanachama kupiga kura nyingi mno. Mnaita huko "mambo yanakwenda"?

Najua mtakuja na majasusi. Kwamba ukimpa kila mwanachama sauti, adui ataingiza watu wake. Sawa, majasusi wapo na kila mtu anawajua. Lakini aliyewamaliza Band of Brothers alikuwa mkurugenzi, mtu wa ndani kabisa aliyeaminiwa na wakubwa. Mwanachama wa kawaida mwenye kura yake moja asingeweza kufanya hata robo ya uharibifu ule. Kadiri unavyorundika madaraka sehemu moja ndivyo unavyomrahisishia jasusi kazi, ana mlango mmoja tu wa kugonga.

Tena niwe mkweli kwa watu wa Amarr: Curatores Veritatis Alliance, muungano wa wachezaji watiifu wa kiti cha enzi kabisa, kwa miaka mingi waliacha wageni waishi Providence, eneo walilolishikilia, na kanuni yao ilikuwa kutompiga mtu ambaye hajawakosea. Nawaheshimu sana. Kilichowapa watu amani pale ni kanuni iliyoandikwa ambayo kila mtu aliijua, na kwetu hakuna kanuni, kuna hali ya moyo ya mtu mmoja akiamka.

Na demokrasia ya kweli ipo kwenye mchezo huu, ila mnaikanyaga. CSM, baraza la wachezaji, lilichaguliwa mara ya kwanza 2008, baada ya kugundulika kwamba mfanyakazi wa CCP aliwapa Band of Brothers ramani adimu za kutengenezea vifaa. Mwaka 2011, CCP walipoanza kuuza miwani ya jicho moja ya kuvalisha wahusika kwa bei ya kukufuru, wachezaji walikusanyika Jita, kitovu cha biashara cha mchezo, wakaimiminia risasi sanamu, na CSM wakaitwa Reykjavik kukaa mezani na wenye mchezo. Kabla mwaka haujaisha bosi wa kampuni aliomba radhi hadharani. Mfalme gani wa muungano amewahi kuomba radhi namna hiyo?

Lakini uchaguzi wa CSM ukifika mnafanya nini? Kiongozi anatuma orodha: wa kwanza fulani, wa pili fulani, wa tatu fulani. Mfumo wenyewe tangu 2013 unakuruhusu kuwapanga wagombea kwa kadiri unavyowapenda, nyie mnanakili orodha ya bosi mnabandika. Baraza likijaa watu wa miungano mikubwa, hao hao mnarudi humu kusema kura hazina maana. Hasira yangu yote iko hapo.

Kwa hiyo, kwa wakurugenzi wa muungano wetu ambao najua mnasoma uzi huu, nataka majibu hapa hapa, msinifuate kwenye ujumbe wa siri. Hisa za kampuni kiongozi ziko mikononi mwa nani? Nani alishauriwa kabla vituo havijang'olewa? Ile asilimia 15 ya wale waliokuwa wamelala, hazina ya muungano inairudisha lini? Anzeni na yule dogo, dreadnought yake bado iko huko. Na uchaguzi wa CSM ujao, orodha yenu msinitumie.