Kanisa letu linafungwa, kengele zitakwenda wapi?

Mama Neema (Essen)
Tumsifu Yesu Kristo. Naishi hapa Essen, Ujerumani, mwaka wa 19 sasa. Kanisa letu linafungwa kabla ya Majilio na jengo litauzwa. Jumamosi mzee anayetunza kengele alinipandisha mnarani: ngazi za mbao, mavi ya njiwa, upepo mtupu. Kengele ni tatu. Ile kubwa niliipapasa kwa kiganja, herufi zimetuna kama mishipa: SANCTA BARBARA, 1953. Huyo ndiye msimamizi wa wachimba migodi, na babu za waumini wenzangu wengi walishuka machimboni kutafuta makaa. Nikiuliza itapelekwa wapi, najibiwa "tutaona". Roho inaniuma. Kigangoni kwetu Moshi bado wanagonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mparachichi. Naweza kuwaombea kengele hiyo kubwa?

Fundi wa Minara
Milele amina, mama. Wahi kabla mkataba wa jengo haujatiwa saini, la sivyo mnunuzi atasema kengele ni sehemu ya mnara wake. Majimbo ya Kanisa Katoliki Ujerumani yana mtaalamu wa kengele. Mwandikie yeye na paroko kwa pamoja. Pia uliza kama haiko chini ya sheria ya mambo ya kale.
Halafu panda na sumaku. Huko Ruhr, ukanda wenu wa makaa, kengele nyingi za baada ya vita ni za chuma cha kusubu kutoka Bochum, kwa kuwa za shaba zilikuwa zimechukuliwa zikayeyushwa kwa ajili ya vita. Chuma huliwa na kutu, hasa pale inaponing'inia, na kusafirisha kengele iliyooza ni kuwatwisha watu mzigo. Ya shaba yenye mdomo wa mita 1 ina kilo 600 hivi. Mparachichi hauiwezi, kigango kianze kuchanga saruji na nondo.

Katekista mstaafu
Kanoni ya 1171 ya Sheria za Kanisa inataka vitu vilivyobarikiwa visitumike kidunia, hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Itaje kwenye barua. Kengele isiishie kuwa pambo la baa.

Mwana wa Kisauni
Dada, jina lake lisifutwe. Hapa Mombasa kengele ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa 1875, imeupa mtaa jina. Mpaka leo kwenye matatu tunamwambia konda, "Nishushe Kengeleni."

Mama Neema (Essen)
Nimerudi leo. Sumaku ya friji iliteleza ikaangukia kiatu changu: ni shaba! Mdomo sentimita 94. Barua nimeiandika, kanoni imo, jina la Barbara limo. Paroko wa nyumbani ameahidi kulifikisha suala la mnara kwenye halmashauri ya walei. Na mzee amekubali nirekodi mlio wa sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita mchana, kengele zote tatu zikiwa bado pamoja.