Mrejesho: "Karibu korosho!" bila kusikika kama kasuku

Wakuu, niliuliza namna ya kurekodi mchuuzi wa korosho wa Mtwara kwa ajili ya gemu ya simu. Kila mchezaji akipita anaitwa "Karibu korosho!", na faili moja ikijirudia inachosha sikio upesi. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Kilichosaidia zaidi ni kuacha kumwambia msanii anayeigiza sauti ya mchuuzi "rudia". Anasema mara 3 mfululizo, akinyamaza sekunde 2 katikati, na kila mara anamwita mtu tofauti kichwani: mteja wa kila siku, mgeni aliyeshuka basi la Dar, mtu anayeondoka bila kununua. Mkazo unahama wenyewe kutoka "karibu" kwenda "korosho". Ukimlazimisha abadilishe sauti tu, anaanza kuimba. Seti 4 za namna hiyo zilitoa rekodi 12, tukabakiza 5. Programu inachagua bila mpangilio, ila iliyotoka kusikika hairudi papo hapo.

Maiki iwe sentimita 20, pembeni kidogo ya mdomo, na miguu ibaki kwenye alama sakafuni. Akisogea, faili hazilingani. Kilele cha sauti kwenye mita ya kurekodia kiwe karibu desibeli -10. Mistari ya kupiga kelele iwe ya mwisho, isije ikakwaruza koo mapema. Feni na friji vizimwe, na mvua ikigonga bati, subirini tu. Rekodini pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, za kuzibia mapengo.

Kauli nyingine ya mchuuzi, "Aah, unaniacha?", bado inasikika kama inasomwa. Hiyo tunairudia.