Kikundi cha Nyumbani: pistoni imekataa kurudi

*Jumamosi, saa tatu asubuhi*

Baraka (Lanet): Mjomba Wekesa, shikamoo. Uko karibu na simu? Nimekwama. Nabadilisha pedi za breki za mbele za Toyota Fielder. Kushoto nimemaliza bila shida, kulia pistoni inayosukuma pedi imekataa katakata kurudi ndani ya kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski.

Baraka (Lanet): [picha]

Mjomba Wekesa (Webuye): Marahaba mpwa wangu. Nimetoka tu kukamua. Unaisukuma na nini?

Baraka (Lanet): Klampu ya seremala. Nimeweka pedi ya zamani katikati isije ikakwaruza pistoni. Nimekaza mpaka klampu yenyewe inataka kupinda.

Mjomba Wekesa (Webuye): Acha hapo hapo. Usikaze tena hata robo.

Mama: Baraka, hiyo gari iko juu ya jeki peke yake?

Baraka (Lanet): Hapana Mama. Iko kwa stendi, na magurudumu ya nyuma nimeyazuia na mawe.

Mama: Sawa. Jeki peke yake usiiamini kabisa.

Shemeji Kiprono (Kisumu): Habari zenu. Si uipeleke kwa fundi tu, shemeji? Safari ya kuja huku Kisumu ni Jumanne, na unambeba Kukhu, bibi yenu.

Baraka (Lanet): Ni kwa sababu ya Kukhu ndiyo naifanya mwenyewe, shem. Mara ya mwisho niliipeleka gereji moja hapa mjini, wakarudisha pistoni ya kushoto kwa bisibisi na nyundo. Raba ya kuzuia vumbi ikachanika, nami sikuambiwa. Nilikuja kuiona miezi mitatu baadaye, maji na mchanga vishaingia. Ilibidi ninunue kalipa nzima.

Mjomba Wekesa (Webuye): Pole. Sasa nijibu taratibu. Pedi ulizotoa upande huo wa kulia zimelika vipi? Ya ndani na ya nje ziko sawa?

Baraka (Lanet): Zote mbili zimeisha sana, karibu sawa. Zimebaki kama milimita mbili. Za kushoto zilikuwa bado na sita hivi.

Mjomba Wekesa (Webuye): Na zile pini mbili ambazo kalipa inateleza juu yake?

Baraka (Lanet): Zinateleza vizuri. Nimezitoa, nikazipangusa, nikapaka grisi ya silikoni.

Mjomba Wekesa (Webuye): Vizuri sana. Pini zikishika, mara nyingi pedi moja huisha na mwenzake kubaki nene. Hapa zimekwisha pamoja, maana yake gurudumu lote limekuwa likibanwa hata mguu ukiwa umetoka kwa pedali. Mmesikia dalili yoyote barabarani?

Mama: Mimi nilisema! Mwezi uliopita tukitoka Njoro niliwaambia kuna harufu kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mkasema ni lori lililo mbele.

Baraka (Lanet): Ni kweli Mama, ulisema, na nilipaswa kusimama siku ile. Na gari limekuwa likivuta kulia kidogo nikikanyaga breki.

Mjomba Wekesa (Webuye): Asante dada, hiyo harufu ni ushahidi. Sasa Baraka, watu wengi wakiona hivi wanasema pistoni imeshika kutu, wananunua kalipa. Huenda ni kutu. Lakini kabla ya kulaumu pistoni tujue mafuta yanazuiliwa wapi. Pistoni hairudi peke yake, lazima mafuta yaliyo nyuma yake yapate njia ya kutoka. Tafuta ile nipeli ya kutolea hewa juu ya kalipa. Spana namba ngapi?

Baraka (Lanet): Kumi. Ina kutu kidogo.

Mjomba Wekesa (Webuye): Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie dawa ya kulegeza kutu, ngoja dakika kumi. Halafu tumia spana ya ringi au soketi, usitumie ile ya mdomo wazi. Mdomo wazi unakula pembe, na nipeli ikikatikia ndani hiyo ni kazi nyingine ya siku nzima. Ukiona haisogei, igonge kidogo kichwani. Chomeka mpira mwembamba, ncha ya pili iingie kwa chupa. Kisha legeza robo tu na usukume klampu polepole.

Nekesa (Kisumu): Mjomba, mnaposubiri hiyo dawa nami niulize. Pistoni ya nyuma ya Mazda Axela yangu fundi alihangaika nayo na klampu karibu saa nzima, haikurudi. Nayo ni hivyo hivyo?

Mjomba Wekesa (Webuye): Hapana Nekesa, yako ni tofauti kabisa, na nafurahi umeuliza kabla haijavunjwa. Kebo ya breki ya mkono inaingia kwenye kalipa yenyewe huko nyuma. Ndani ya pistoni kuna skrubu. Hiyo huisukumi tu, unaizungusha huku ukiisukuma. Utaona usoni mwake kuna vijifereji vya kushikia chombo. Mara nyingi inazungushwa kufuata saa, ingawa kuna magari ambayo upande mmoja huenda kinyume. Na breki ya mkono iwe imeachiliwa kwanza. Ukibana na klampu kwa nguvu utaharibu hiyo skrubu.

Nekesa (Kisumu): Alikuwa na klampu na bomba refu la kuongezea nguvu 😟

Mjomba Wekesa (Webuye): Mwambie asiguse tena mpaka apate kile chombo cha kuzungushia. Na yeyote mwenye gari la breki ya mkono ya kubonyeza kitufe, hilo linawekwa kwanza katika hali ya matengenezo, mara nyingi kwa mashine ya kompyuta, ndipo kalipa ya nyuma iguswe.

Mama: Jirani hapa anasema amwagie pistoni oili ya injini italainika.

Mjomba Wekesa (Webuye): Dada, tafadhali mzuie. Oili ya injini, dizeli, grisi ya kawaida, vyote hivyo vinavimbisha sili za raba za breki. Ndani ya breki panaguswa na mafuta ya breki yenyewe au grisi iliyotengenezewa breki, basi.

*Saa nne na robo*

Baraka (Lanet): Mjomba!! Nimelegeza nipeli, mafuta yameruka kwa chupa meusi kama chai ya rangi, na pistoni imerudi kwa kukaza klampu na vidole viwili tu. Imeteleza kabisa!

Shemeji Kiprono (Kisumu): Kwa hiyo pistoni ni nzima?

Mjomba Wekesa (Webuye): Pistoni ni nzima. Ingekuwa kutu, ingekataa hata nipeli ikiwa wazi. Funga nipeli sasa kabla hewa haijaingia nyingi. Shida iko juu zaidi, kabla ya kalipa, na mimi namshuku mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kutoka paipu ya chuma hadi kalipa.

Baraka (Lanet): Lakini mpira kwa nje hauna ufa wowote. Nimeukunja, nimeuangalia kote.

Mjomba Wekesa (Webuye): Kwa nje ndiyo. Huo mpira una tabaka. Ukizeeka, tabaka la ndani huvimba au hubanduka, likawa kama mlango unaofunguka upande mmoja. Mguu wako unasukuma kwa nguvu nyingi, mafuta yanapita kwenda kwa pistoni. Ukiachia, kinachorudisha pistoni ni ile sili tu, pete ya raba inayoizunguka. Sili ile ni ya pembe nne, hujikunja kidogo breki ikikanyagwa na kujinyoosha ukiachia. Nguvu yake ni ndogo mno, haiwezi kufungua mlango uliojifunga. Mafuta yanabaki yamefungiwa, pedi zinaendelea kusugua diski, gurudumu linachemka. Ndiyo ile pasi ya dada.

Mjomba Wekesa (Webuye): Nimeliona jambo hili nikiwa fundi huko Kibuye, Kisumu, tena si mara moja. Kuna mteja alishabadilisha kalipa mbili upande mmoja, joto likarudi. Mpira ndio haukuwa umeguswa na yeyote.

Mjomba Wekesa (Webuye): Tuhakikishe. Rudisha pedi ya zamani mahali pake, Mama akanyage pedali mara mbili taratibu pistoni itoke kidogo. Jaribu kusukuma. Ikikataa, legeza ile nati ya juu, pale mpira unapokutana na paipu ya chuma. Ukifungua hapo juu na pistoni bado ikakataa, mpira ndio umeziba. Ikirudi, basi tatizo liko huko juu kwa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali.

*Saa tano kasoro*

Baraka (Lanet): Nimefungua juu. Imekataa. Nimefungua nipeli ya chini, imerudi mara moja.

Mjomba Wekesa (Webuye): Umempata. Nunua mipira miwili, kulia na kushoto, maana ilizaliwa siku moja. Nunua na zile washa, pete za shaba za kuziba maungio, ikiwa gari lako linatumia, za zamani usirudishe. Na mafuta mapya. Kifuniko cha kitangi cha mafuta ya breki kinasema nini?

Baraka (Lanet): DOT 3.

Mjomba Wekesa (Webuye): Weka DOT 3 au DOT 4, yote mawili ni jamii moja. DOT 5 usiguse, hiyo ni ya silikoni. Meusi hayo yatoe yote. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa 140 tu. Yakichemka kuna mvuke, na mvuke unabanwa. Pedali inazama hadi chini, gari haisimami.

Shemeji Kiprono (Kisumu): Hapo ndipo naogopa ile njia. Kutoka Kericho, ambako ni karibu mita 2,000, mnateremka hadi Ahero, na huku Kisumu ni kama mita 1,130. Ni kukanyaga breki tu. Na mkirudi mna mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa.

Mjomba Wekesa (Webuye): Hasa, Kiprono. Baraka, kwenye mteremko tumia gia ya chini, breki ipumzike.

*Saa tisa alasiri*

Baraka (Lanet): Mipira imeingia, kalipa niliifunga kwa waya isining'inie kwa mpira mpya. Sasa kutoa hewa. Mama yuko ndani.

Mjomba Wekesa (Webuye): Anza gurudumu la mbali na masta, umalizie la karibu. Mama anakanyaga na kushikilia, unafungua, yanatoka, unafunga, NDIPO anaachia. Kitangi kisikauke hata mara moja. Na yakidondoka kwa rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanakula rangi.

Mama: Mguu wangu umechoka lakini nimekanyaga kama alivyosema, "kanyaga, shika, achia". Pedali sasa ni ngumu, haizami tena.

Baraka (Lanet): Kabla ya kutoka nimeikanyaga mara kadhaa hadi pedi zikashika diski. Nimeenda hadi Free Area na kurudi. Mara kumi hivi nimepunguza kutoka 50 bila kusimama kabisa, pedi zizoeane na diski. Halivuti tena.

Mjomba Wekesa (Webuye): Joto je? Weka mgongo wa mkono karibu na rimu, usiguse.

Baraka (Lanet): Kulia na kushoto ni sawa. Vuguvugu tu.

Nekesa (Kisumu): Asante Mungu. Kliniki ya macho wamesema Kukhu awe hapa kabla ya saa sita.

Mama: Ameshafunga kikapu tangu jana. Anauliza mnaondoka saa ngapi.

Baraka (Lanet): Saa kumi na mbili asubuhi, Mama.

Mjomba Wekesa (Webuye): Mkifika Kericho simama, zunguka magurudumu yote manne na ule mgongo wa mkono kabla hujaanza kuteremka. Uniandikie ulichokuta.

Baraka (Lanet): Nitakuandikia, Mjomba.