Mrejesho: Kibonzo cha Heisenberg na trafiki

Ahsanteni sana mlionijibu. Niliuliza kichekesho kiko wapi pale trafiki anapomsimamisha mwanafizikia Heisenberg aliye garini: "Unajua ulikuwa kasi gani?" Naye anajibu, "Hapana, ila najua kabisa nilipo."

Nimeelewa. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alionyesha kwamba kadiri mahali pa elektroni (chembe ndogo mno ndani ya atomu) panavyojulikana kwa usahihi, ndivyo mwendo wake unavyokosa uhakika. Wala si udhaifu wa vipimo vyetu, maumbile yenyewe ndivyo yalivyo! Hilo limenivutia kuliko kichekesho chenyewe. Kwa gari zima athari hiyo ni ndogo mno, haipimiki, na utani umekaa hapohapo: kanuni ya chembe imebebeshwa gari.

Sasa nimehamia kwa paka wa Schrödinger, lile fumbo la mwanafizikia mwingine kuhusu paka wa kufikirika anayehesabika kuwa hai na mfu kwa wakati mmoja.