Mjadala: Kujifukiza kwa mkaratusi kuhimizwe au kuachwe?

Mleta mada
Wapo wahudumu wa afya wanaotaka kujifukiza kwa mkaratusi kuachwe kabisa. Wapo wanaojibu kwamba ni tiba ya mafua iliyosaidia watu vizazi na vizazi. Naona tunachanganya vitu vitatu: jani, mafuta ya chupani na maji ya moto. Kila kimoja kina hatari yake. Karibuni, ila hoja zije na vipimo.

Mfamasia
Naanza na chupa, maana ndiyo inayoua. Kiini cha mkaratusi ni sineoli, na mafuta ya daraja la dawa hutakiwa kuwa nayo asilimia 70 au zaidi. Jani bichi lina mafuta kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Sasa piga hesabu: kijiko kimoja cha chai cha mafuta, yaani mililita 5, kimetoka kwenye robo kilo hadi karibu nusu kilo ya majani. Hakuna anayetafuna nusu kilo ya majani, lakini kijiko kinamezwa mara moja.

Mtoto akinywa mililita 2 au 3 anaweza kulegea na kusinzia. Zikifika 5 anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu, mara nyingi ndani ya nusu saa. Tafadhali, msimtapishe! Mafuta haya ni mepesi. Yakirudi kooni humpalia, yakaingia mapafuni na kuyaunguza. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Mtaalamu wa mitishamba
Kuhusu chupa sina ubishi. Ninachokataa ni kulihukumu jani kwa kosa la chupa. Konzi ya gramu 20 za majani mabichi haifikishi hata nusu mililita ya mafuta, na sehemu kubwa hupotea hewani.

Tena watu hawaulizi ni mkaratusi upi. Ule wa dawa, globulus, majani yake machanga ni mapana, ya kibuluu, yenye unga kama nta. Yakikomaa yanarefuka na kujipinda mithili ya mundu. Ukilifikicha linanukia dawa ya kikohozi. Likinukia limau, hiyo ni citriodora: ina sitronelali kwa wingi, kemikali yenye harufu ya limau, na sineoli kidogo. Inajulikana zaidi kwa kufukuza mbu kuliko kwa kifua, na anayejifukizia hiyo asishangae asipopata alichotarajia.

Na ushahidi upo. Ujerumani, mwaka 2003, wagonjwa 32 wa pumu waliotegemea vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa njia za hewa, walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliopewa sineoli waliweza kupunguza steroidi kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa.

Mfamasia
Utafiti huo naufahamu, na ndiyo maana nakusihi usiutumie kutetea beseni la mvuke. Wale walimeza kapsuli za miligramu 200 mara tatu kwa siku, zilizotengenezwa zipite tumboni bila kuyeyuka. Hawakuvuta mvuke. Kwa mafua ya kawaida, mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, kuhusu hewa ya moto yenye unyevu hayakupata faida ya uhakika. Harufu ya mkaratusi huamsha neva za ubaridi puani, mtu akahisi pua imefunguka ilhali njia ya hewa ni ileile. Tena kwa baadhi ya wenye pumu, harufu kali yenyewe hubana kifua.

Muuguzi wa watoto
Mnabishana kuhusu jani wakati kinachojaza wodi ni maji. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, madaktari wa watoto wa Birmingham, Uingereza, walitoa tahadhari baada ya watoto walioungua kwa kujifukiza kuongezeka. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Picha ni ileile kila mara: sufuria imewekwa katikati ya miguu, blanketi juu, mtoto anashtuka kwa joto, anarusha teke, na maji yote yanaishia mapajani. Blanketi lililolowa linashikilia joto hilo mwilini. Akiungua, vua nguo zilizolowa, mwagia maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake chochote.

Mtaalamu wa mitishamba
Hoja ya blanketi naipokea. Kwa mtu mzima basi, iwe hivi: chemsha maji, epua, mimina kwenye beseni pana lenye kitako kizito, juu ya meza isiyotikisika. Tia konzi ya majani, subiri dakika chache mvuke mkali upungue. Kaa kwenye kiti, uso uwe mbali na maji kama urefu wa rula, macho umefumba, dakika 5 hadi 10. Usiongezee mafuta ya chupani, na kamwe usiyaweke karibu na moto, maana mvuke wake hushika moto upesi.

Msomaji
Na kupaka kifuani?

Mfamasia
Mtu mzima, ndiyo, yakiwa yamezimuliwa: matone 6 ndani ya kijiko kikubwa, mililita 15, cha mafuta ya kula. Hiyo ni kama asilimia 2. Usiyadondoshe kwenye maji ya kuoga. Hayachanganyiki, yanaelea na kuishia kwenye ngozi yakiwa makali. Mwenye historia ya kifafa aachane nayo. Mtoto wa chini ya miezi 30 asipakwe kabisa, hasa usoni na puani, kwani koo linaweza kujibana akashindwa kupumua.

Muuguzi wa watoto
Kwa mtu mzima anayefuata utaratibu huo sina ugomvi. Kwa watoto sibadilishi msimamo: beseni lisiwepo chumbani. Pua ya mtoto ikiziba, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, dondosha matone 2 kila tundu kabla ya kunyonya au kula. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani au akikataa kunyonya, hayo si mafua tena. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.