Tupeane uzoefu: Coco Beach ya Dar, kila mtu na kumbukumbu yake

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikaa Coco mpaka magharibi, nikawaza tulipotoka. Enzi za Mwingereza Oysterbay ilikuwa uzunguni. Mwafrika alifika huko akiwa boi, yaya au mtunza bustani. Leo mama anatoka Tandale na wanawe, anatandika khanga mchangani, wala hadaiwi kiingilio. Mimi nilipelekwa na baba sikukuu ya Idi, nikiwa darasa la pili. Nilimwuliza ng'ambo kuna nani, akacheka mpaka akakaa chini. Haya, tupeni zenu.

mjukuu_wa_dobi: Umenigusa mkuu. Marehemu babu alikuwa dobi kwenye nyumba moja ya huko kabla ya uhuru. Alikuwa akipiga pasi huku anasikia mawimbi, lakini mguu hakuutia majini hadi baada ya 1961. Uzeeni tukienda naye, mkeka haujatandikwa yeye keshavua viatu, suruali kaikunja magotini, yumo majini. Tulikuwa tunamwita aje kula, haji.

mama_mapacha: Mimi na mihogo. Ule wa moto, umepasuliwa katikati, chumvi, ndimu, pilipili ya kukutoa machozi na kachumbari pembeni. Baba watoto aliniambia anataka kuja kwetu kujitambulisha tukiwa tunagombania sahani moja, maana hela ya mishikaki hatukuwa nayo. Mpaka leo tukikorofishana ananipeleka pale pale.

mtoto_wa_msasani: Jamani, watoto tuwaangalie. Maji yakipwa, mawe ya matumbawe yanaonekana mpaka mbali na vidimbwi vinavutia. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, yanarudi haraka. Mimi na mwenzangu yalituzunguka tukiwa juu ya jiwe tunaokota makome. Mvuvi mmoja akatufuata na ngalawa. Alitugombeza njia nzima, na hela yetu akaikataa.

wa_upanga: Mimi wa alfajiri. Tangu daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022, nalivuka kwa miguu baada ya sala. Nikifika, jua ndiyo linatoka baharini, na wauza mihogo wanawasha mkaa.